Gari Lina Kilomita Ngapi?

Ndugu msikilizaji, Jumamosi ya juma lililopita alibisha hodi nyumbani kwangu hapa Mbeya kijana mmoja wa kutoka Umalila. Akaniamkia, nikaitikia, akakaribishwa kiti. Baada ya kuulizana habari za mvua na bei ya viazi, akatoa lililomleta: amesikia kwamba ninauza gari langu dogo, Toyota Corolla ya mwaka 1982, naye anatafuta gari la kubebea abiria kati ya Mbalizi na Ilembo. Nikamchukua hadi uani. Akalizunguka mara mbili, akalipiga teke gurudumu la mbele kama wafanyavyo wanunuzi wote wa magari, akafungua mlango na kuinama mbele ya dashibodi. Kisha akauliza: "Mzee, hili lina kilomita ngapi?"

Nilishindwa kumjibu, na si kwa kutaka kuficha. Mita ya gari lile ina tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri na kuanza upya kama gari lililotoka kiwandani jana. Siku ile ilionyesha 41,000 na ushei. Mimi mwenyewe nimeiona ikirudi kwenye sifuri mara tatu tangu niliponunua gari hilo mwaka 1986, kwa bwana mmoja aliyekuwa akistaafu kazi mjini Iringa. Yeye alikuwa amelitumia miaka minne, akanihakikishia kwamba mikononi mwake mita haikuzunguka hata mara moja. Juu ya hayo, kebo ya mita ilikatika mwaka 1997, nikatembea karibu miaka miwili bila kipimo chochote. Basi nikamwambia kijana: "Weka laki tatu na nusu, na ikizidi usishangae."

Akacheka, akifikiri namtania. Lakini swali lake limenisumbua juma zima, na ndilo lililonifanya niiweke kando mada niliyokuwa nimeiandaa. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tumeishi na magari madogo makuukuu kwa muda mrefu sana, na ukiifuatilia historia yake utakuta ni historia ya barabara yetu, ya uhaba wetu, na ya soko huria lililofuata. Nami nadai kwamba katika maswali yote anayoweza kuuliza mnunuzi wa gari kuukuu, la kilomita ndilo lenye faida ndogo kuliko yote. Nieleze kwa nini.

Tuanze na barabara. Njia itokayo Dodoma kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma ilikuwa sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza waliiota kwamba siku moja itaunganisha Cape Town na Cairo. Ndoto ni ndoto. Kwa hakika ilikuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Reli haikufika Mbeya mpaka TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kabla ya hapo kila kilichoingia huku, tangu mashine za wachimba dhahabu wa Lupa kule Chunya katika miaka ya 1930 hadi chumvi na kanga, kilikuja kwa gari la barabara. Idara ya reli yenyewe ilikuwa ikiendesha malori na mabasi kutoka Dodoma hadi huku kwetu.

Magari madogo yalikuja na maofisa wa serikali, wamisionari, walimu, na mabwana shamba wa chai wa Mufindi na Rungwe. Katika hayo lililopendwa ni lile Volkswagen la mgongo wa kobe. Wengi walidhani watu walilipenda kwa sababu ya udogo wa bei. Mimi nasema walilipenda kwa sababu halikuwa na rejeta. Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa upepo. Lisilo na maji halichemki, na katika milima yetu hilo halikuwa jambo dogo. Yalipoanza mashindano ya Safari mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen lilionyesha uwezo wake mapema, likatwaa ushindi mwaka 1954, 1957 na 1962.

Kisha ikaja zamu ya Peugeot 404, ambayo wengi wetu tuliiita Pijo. Ilishinda Safari mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Mbili kati ya hizo, za 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na hapa Tanzania watu walizichukua kama ushindi wetu. Lakini ushindi unaonigusa mimi ni wa mwaka 1965. Mwaka ule Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo lililokuwa limekwisha kushindanishwa katika Safari ya mwaka uliotangulia. Kwa maneno mengine, alishinda kwa mtumba. Wenzake walikuwa na magari mapya yaliyotoka viwandani. Yeye alikuwa fundi. Alilifungua gari lile kuukuu akalifunga tena kwa mikono yake, akajua kila nati imekaaje. Tafadhali, msikilizaji, liweke jambo hilo akilini, nitalirudia.

Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imefungiwa mlango wa kusini. Mafuta yake yakaanza kupita kwetu, kwa mapipa, juu ya malori, katika barabara ile ile ya tope. Wazee wa Iringa waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka malori yaliyopinduka Kitonga na mengine yaliyozama katika tope kwa majuma. Bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikakamilika kutoka bandarini hadi Tunduma.

Sasa hapa kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa mara nyingi. Lami haikuondoa matatizo ya gari dogo; iliyabadilisha. Zamani barabara ilivunja gari kutoka chini: springi zikakatika, shokapu zikavuja, jiwe likatoboa tangi, vumbi likajaa katika kabureta. Gari likifa lilifia palepale, polepole, likiwa katika mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, na abiria wakashuka wakakaa chini ya mti. Baada ya lami dereva aliweza kukanyaga mafuta kutoka Makambako hadi Igawa bila kuinua mguu. Gari likaanza kufa kwa joto la injini wakati wa kupanda, na kwa breki wakati wa kushuka. Na gari likifa katika mteremko halisubiri abiria washuke.

Niseme kwanza habari za joto. Utokapo Dar es Salaam hupita Mikumi, ukaingia bonde la Ruaha lenye mibuyu na hewa ya moto, na pale injini ikiwa imekwisha kupata joto la kutosha ndipo Kitonga inapoanza. Gari la injini ya 1,300, lenye watu watano na mizigo juu ya keria, hupanda kona zile kwa gia ya pili. Mzigo wa injini ni mkubwa, upepo unaoingia kwenye rejeta ni mdogo. Ukifika juu unadhani umeokoka kwa sababu hewa ni baridi. La hasha. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema zaidi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Aidha injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake katika mwinuko huo, hivyo dereva hukanyaga zaidi ili kupata mwendo ule ule.

Kinachookoa gari lenye rejeta ni kifuniko cha rejeta. Watu hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake hasa ni kubana presha ndani, ili maji yaweze kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wa kifuniko ukikauka, presha hutoroka, na gari linalotembea vizuri Kibaha litachemka Ilula. Fundi atakwambia pampu imekufa, atakwambia rejeta imeziba, atakuuzia vyote viwili, ilhali ubovu uko katika kitu cha bei ndogo kinachoenea kiganjani. Gari likiisha kuchemka mara mbili tatu, hedi, ambayo katika Corolla za wakati ule ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kusubu, hupinda. Gasketi huungua. Maji huingia katika oili, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na hapo ndipo watu husema gari limezeeka. Halikuzeeka. Limechemshwa.

Turudi kwenye historia. Lami ilipokamilika, magari ya kuitumia yalikuwa yanaadimika. Uingizaji wa magari ulikuwa umekabidhiwa shirika la umma, na fedha za kigeni zikazidi kupungua: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979, bei ya mafuta duniani ikapaa. Wenye umri wangu watakumbuka jinsi magari ya binafsi yalivyozuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na jinsi tairi za General Tyre kutoka Arusha zilivyotafutwa kwa vibali na kujuana. Aliyekuwa na Datsun au Pijo hakuwa na njia ya kupata jingine. Alilitunza lile lile.

Ndipo fundi wa Nyanda za Juu alipojitokeza kuwa bingwa. Bushi zilichongwa kutoka katika tairi zilizochakaa. Gasketi zilikatwa kwa makasi kutoka katika maboksi ya karatasi ngumu. Rejeta ikivuja, ulimwagwa humo unga wa manjano. Tangi la petroli likivuja, lilikandikwa sabuni ya mche, na ninaapa kwamba sabuni ile ilizuia petroli kuliko gundi nyingi za leo. Mafundi waliojifunza kutumia mashine ya kukereza katika karakana za reli walichonga vipuri ambavyo havikuwahi kuonekana katika duka lolote la Mbeya. Wengine walikuwa wamesomea Ifunda, ile shule ya ufundi iliyo mkoani Iringa, mahali ambapo wakati wa Vita Kuu ya Pili walikaa wakimbizi wa Kipolandi. Mtu aliyesomea Ifunda ulimtambua kwa jinsi alivyozipanga spana zake kabla ya kugusa gari la mtu.

Hata hivyo nisiwapambe mafundi wetu kupita kiasi. Uhaba ulitufundisha pia ujinga, na ujinga mmojawapo ni wa themostati. Hiki ni kikopo kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyuzi kama 82 hivi. Kikiharibika hukwama kimefungwa, gari likachemka. Kwa kuwa kipya hakikupatikana, fundi alikitoa akakitupa, gari likaacha kuchemka, na kila mtu akafurahi. Kutoka hapo ikazaliwa imani kwamba Afrika ni ya joto na themostati ni kitu cha Ulaya. Anayesema hivyo hajalala Makete mwezi Juni. Katika baridi ya Uyole au Mafinga, injini isiyo na themostati haipati joto kamwe. Petroli hailiwi vizuri, inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, na ringi za pistoni zinalika.

Nina ushahidi. Tangu siku niliyonunua Corolla lile ninaandika katika daftari la shule kila kilichoharibika, tarehe yake, bei yake, na petroli niliyotia. Madaftari yamefika manne. Ukisoma la kwanza utaona jinsi gari lilivyokuwa likinywa petroli vibaya kutoka mwaka 1987 hadi 1992. Nilisafishiwa kabureta mara tano. Nikabadilishiwa pointi, kondensa, plagi, waya za plagi. Mwishowe mzee mmoja wa pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, akaweka kiganja chake juu ya mpira wa rejeta, akatulia kidogo kama daktari, akaniuliza: "Themostati yako iko wapi?" Sikujua hata kama gari linatakiwa kuwa nayo. Alitoa moja katika kopo la misumari, akaifunga, na petroli ikarudi mahali pake. Kwa hiyo miaka mitano ya ulaji wa petroli na ulikaji wa silinda haikutokana na kilomita. Ilitokana na mtu mmoja, kabla yangu au wakati wangu, aliyetoa kitu bila kuandika.

Sasa nifike kwenye breki, na hapa ninayemlaumu ni mimi.

Mwaka 1988 nilikuwa nikitoka Iringa kurudi Mbeya. Makambako nikaona mafuta ya breki yamepungua katika kikopo. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Mtu mmoja mwema akanipa mafuta ya haidroliki ya trekta, akisema mafuta ni mafuta. Nikatia. Nikafika nyumbani salama, nikamshukuru Mungu, nikasahau. Siku ya nne ukatokea msiba Mbalizi, nikapakia majirani, kina mama watatu na mtoto mmoja mgongoni, tukaondoka. Nilipopita Iyunga nilihisi gari zito, kama linaloburuta kitu, lakini nikadhani ni uzito wa watu. Tulipoanza kuteremka Iwambi nilikanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu mguu ukazama hadi chini.

Baadaye nilielezwa kilichotokea. Mipira iliyo ndani ya silinda za breki imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki tu. Ikikutana na mafuta ya madini huvimba, kama maharage yaliyolowekwa. Haipasuki siku ile. Huchukua siku kadhaa. Ikiisha kuvimba hairudi nyuma, hivyo breki zinabaki zimeshika kidogo muda wote, zinasugua, zinapata moto, na ule moto unachemsha kilichomo katika mabomba. Mvuke hauwezi kusukuma breki. Ndiyo maana gari lilikuwa zito Iyunga na likawa jepesi mno Iwambi.

Nikarudisha gia ya pili kwa nguvu, injini ikapiga kelele kama inayochinjwa, nikavuta breki ya mkono, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto. Mbele yetu kulikuwa na lori. Mama mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Mtoto hakuamka hata usingizini. Mama yule ni marehemu sasa, alikufa kwa uzee wake, lakini kwa miaka yote iliyofuata kila nilipompa mkono kumwamkia alinipa wa kushoto kwanza, kwa mzaha, nami nilijua maana yake.

Katika daftari nimeandika tarehe ile ya Makambako kwa wino mwekundu. Nilibadilisha mipira yote, nikaosha mabomba kwa spiriti, na tangu hapo sijatia mafuta ya breki ambayo sikuyafungua mwenyewe.

Mwaka ule ule wa 1988 mambo yalikuwa yamekwisha kuanza kubadilika. Bajeti ya mwaka 1984 ilikuwa imefungua mlango kwa wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka, na baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi mwaka 1985 mlango ukazidi kupanuka. Yakaingia magari ya mtumba, kwanza mengi yakipitia Dubai, kisha moja kwa moja kutoka Japani. Ukaja wakati wa Corolla za DX, Nissan Sunny, Starlet, Carina. Leo kijana akitafuta gari dogo atatajiwa IST, Vitz, Passo na Probox. Mtu ambaye baba yake alisubiri kibali cha tairi kwa miezi, yeye anachagua rangi.

Mimi si miongoni mwa wanaolilia enzi za foleni. Mtumba umetuletea gari la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, na hilo halina bei. Lakini angalia kilichobadilika. Pijo ya mwaka 1970 iliyokuwa ikitembea Iringa mwaka 1983 ilijulikana: nani aliinunua, nani alimrithi, fundi gani aliifungua injini, ilianguka wapi. Mtumba unashuka bandarini bila jina. Kule Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake ni ghali, ndiyo maana wenyewe huyauza mapema. Mengine yanatoka mikoa ya theluji ambako barabara humwagwa chumvi, na chini yana kutu ambayo gari la Njombe haliipati katika miaka thelathini. Mengine yamerudishwa mita njiani. Kwa hiyo mnunuzi anaona 78,000 anafurahi, ilhali mkanda wa taimingi, ambao katika injini nyingi za wakati ule unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, unaweza kuwa umepita umri wake kwa mbali. Mkanda haubishi hodi. Hukatika, na injini hunyamaza palepale, iwe ni bondeni Usangu au katikati ya Kitonga.

Serikali za jirani zimejaribu dawa mbalimbali. Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe. Sisi hatukufunga mlango. Tumeongeza kodi kwa lililozeeka. Zote mbili zinahesabu miaka, kama kijana wangu anavyohesabu kilomita.

Na hata lililotunzwa hukutana na mambo ambayo mwenye gari hakuyafanya. Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi zote za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye risasi, jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu, lakini baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi ile kulinda viti vya valvu. Baadaye yakaja mafuta yaliyochanganywa na ya taa, hata lugha yetu ikapata neno uchakachuaji, ambalo katika uchaguzi wa mwaka 2010 lilihama kutoka kwenye tangi likaingia kwenye sanduku la kura. EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka ule, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuua biashara hiyo. Daftari langu la tatu lina kurasa mbili nzima za plagi nyeusi za miaka ile.

Narudi kwa kijana wa Umalila. Jumatano alikuja na fundi wake, tukapatana bei. Sikumficha kitu. Nilimwambia kuwa gari lile kwa injini litampandisha Ilembo bila wasiwasi akitazama kifuniko cha rejeta, lakini breki zake za nyuma ni za ngoma, zinajaa tope la njia ile, na zifunguliwe kila mwezi. Nikamwambia asishuke mlima akiwa ameweka gari huru ili kuokoa petroli, kwa maana wengi wafanyao hivyo hawaoni hasara yake mpaka siku ile. Fundi wake aliitikia kwa kichwa akitazama saa. Kijana akanihesabia fedha.

Kisha nikampa madaftari yote manne. Akayashika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. "Mzee, haya ni ya nini?" Nikamwambia ni ya gari. Akayatupia kiti cha nyuma, wakaondoka, nami nikasimama getini nikisikiliza gia zake mpaka waliposhika barabara kuu.

Ijumaa usiku simu ikalia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani kwa usiku. Hapa umeandika wilisilinda ya nyuma kulia, mwaka 2019. Ulifunga mpya au ya mtumba?"

Nikafikiri. Nikakumbuka ile siku, na duka lile, na jinsi nilivyokuwa na haraka. Nikamwambia ni ya mtumba, aibadilishe kesho asubuhi kabla hajapakia mtu.